Nina miaka 54, bado ni gothi, na Mtwara hakuna anayenishangaa

BintiKaniki aliandika:

Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite. Picha sina, msiniulize.

Mimi ni mwanamke wa miaka 54, mzaliwa wa Mikindani, sasa naishi Shangani hapa Mtwara mjini. Nimefanya kazi ya uuguzi Uingereza miaka ishirini na kitu, nikarudi 2019 kumtunza mama. Na mimi ni gothi. Kwa msiojua, magothi ni wale watu wa nguo nyeusi, wanja mzito, pete za fedha zenye mafuvu na popo, na muziki wa gita lenye mwangwi na mwimbaji ambaye ungedhani yuko ndani ya kisima. Si dini, si kuabudu shetani, si chama cha siri. Ni muziki kwanza, halafu mavazi, halafu watu.

Niliingiaje? Nilifika Leeds 1992 kusomea uuguzi, nina miaka 21, baridi imenibana mpaka mifupa inauma. Jirani yangu hosteli alikuwa anapiga kaseti za The Sisters of Mercy usiku kucha, bendi ya hapo hapo Leeds iliyoanza 1980. Wiki ya kwanza niligonga ukuta apunguze sauti. Wiki ya tatu niligonga aongeze.

Tena nilichelewa. Bendi ya Bauhaus walishatoa wimbo wao wa Bela Lugosi tangu 1979, wimbo wa dakika tisa na ushee ambao wengi huuhesabu kuwa ndio uliofungua njia ya ugothi. Klabu ya Batcave ilifunguliwa Soho, London, 1982, mimi niko shule ya msingi Mikindani nafagia uwanja. Wakongwe niliowakuta wakanipokea kwa maneno kwamba ugothi umeshakufa. Nina zaidi ya miaka thelathini naambiwa umekufa, na kila mwaka nakutana na marehemu anacheza muziki.

Halafu rangi yangu. Ukumbi mzima nilikuwa mweusi peke yangu, au tuko wawili. Rafiki yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, akanipaka poda nyeupe usoni kama wao. Nikajitazama kwenye kioo cha chooni nikacheka mpaka wanja ukachuruzika: nimekuwa mwali aliyepakwa unga, zimebaki ngoma tu. Tangu siku hiyo sikupaka tena. Nikabaki na wanja wa manga, ule ule wa bibi zetu, na walikuwa wananiuliza nimeununua duka gani.

1996 nikarudi likizo. Barabara ya kusini ya enzi zile mnaijua wenyewe, daraja la Mkapa pale Rufiji halijajengwa (limefunguliwa 2003), mnalala Ndundu mnasubiri pantoni, mvua ikinyesha mnalala tena mbele ya safari. Nikashuka Mikindani na gauni jeusi la mikono mirefu, buti mpaka chini ya magoti, kitambaa cheusi kichwani, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mama akatoka mlangoni, akaniangalia juu mpaka chini, hata salamu yangu hakuitikia. Akauliza, "Nani kafa?" Nikamwambia hakuna. Akakaa pale kizingitini akaanza kulia, maana aliamini namficha.

Sasa nije kwenye uzee wenyewe.

Kwanza nywele. Nimepaka rangi nyeusi tangu nina miaka 22. Ujanani ulikuwa mtindo, kufika 45 ikawa ni kuficha mvi, na pakiti ya rangi ni ile ile. Sijui ni siku gani hasa jambo moja liligeuka kuwa jingine. Nilipohamia hapa nikaenda saluni moja mjini, msusi akanipaka piko. Usiku kichwa kikaanza kuwasha, alfajiri masikio yamevimba na macho yamefumba kama nimeng'atwa na nyuki. Muuguzi mzima! Rangi nyingi nyeusi za nywele, na piko hizi za dukani, zina kemikali inayoitwa PPD, na mwili ukishaikataa mara moja haukubali tena. Ndiyo nikaacha. Leo nina mvi tupu juu na nguo nyeusi chini, na kusema kweli napendeza kuliko 1994.

Pili magoti. Kuna mji wa pwani unaitwa Whitby, Yorkshire, ambao Bram Stoker aliutumia kwenye riwaya yake ya Dracula. Magothi wamekuwa wakikusanyika pale tangu 1994. Kwenda kanisani kule juu ya jabali kuna ngazi 199. Mara ya kwanza nilizipanda na buti zenye kisigino, nikiwa na sigara mkononi, bila kupumzika. Mara ya mwisho, 2017, nilipumzika kwenye kila benchi nililolikuta, na kila benchi lilikuwa na gothi mwenzangu wa rika langu anajifanya anaangalia bahari.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike. Leeds nilikuwa nikipita watu wanageuka, watoto wanavuta mikono ya mama zao. Hapa Mtwara natoka na gauni jeusi mpaka kwenye vifundo, kitambaa cheusi, wanja, na hakuna anayeinua jicho. Mimi ni mama mmoja kati ya mamia wenye mabuibui wanaokwenda sokoni kabla jua halijawa kali. Miaka thelathini nimehangaika nisifanane na watu, nimerudi nyumbani nimefanana na wote.

Aliyewahi kunishuku ni mmoja tu. Mahameli kwa joto la Disemba la hapa ni kujichemsha, nikaenda Soko Kuu kutafuta kaniki ya kushonea gauni. Muuzaji akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akashusha sauti: "Mganga kasema pande ngapi?" Nikamwambia ni za gauni. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejua kutunza siri za wateja. "Na nyekundu hakutaka?" Akanikunjia kwenye gazeti, akafunga na kamba, akanisindikiza mpaka nje.

Sasa swali langu. Mwezi ujao binti wa dada yangu anaolewa Lindi. Kamati imepitisha sare, kitenge cha rangi ya chungwa chenye maua. Dada kanipigia simu: "Mdogo wangu, nakuomba kwa heshima, siku hiyo moja tu usituletee msiba." Ningekuwa na miaka 25 nisingeuliza mtu. Nivae?

---

Korosho_Ghafi:

Uzi bila picha ni batili. Nimekaa pale na kahawa yangu.

---

Mpita_Njia_Nangurukuru:

Nimesoma mpaka mwisho nikisubiri useme unauza nini.

---

AbuMuslih:

Dada yangu, mvi ni onyo kutoka kwa Mola. Umri huu mafuvu na popo mwilini ya nini? Rudi kwenye njia.

---

BintiKaniki:

Shukrani kwa nasaha kaka, sala zangu sijaziacha. Ila fuvu hata wewe unalo, umelifunika ngozi tu. Mimi nimefanya kazi wodi ya wazee miaka kumi na moja, nimefumba macho ya watu wengi kwa vidole hivi. Hiyo pete hainikumbushi shetani, inanikumbusha zamu za usiku.

---

Suruali_Pana_98:

Dada nakuelewa mia kwa mia, mimi wangu ni hip hop. 1998 nilikuwa nashuka Mtwara na meli kutoka Dar nimevaa suruali inayoingia watu wawili, kofia nyuma, wazee wa Chikongola wananiuliza kama nimeugua nikakonda. Leo nina kitambi, suruali ile ile ingenikaa sawasawa lakini mke ameikata matambara. Angalia wenzetu waliotutangulia: Sugu aliingia bungeni 2010, Profesa Jay 2015, suti na tai. Sisi wa mtaani tumebaki na simu zilizojaa nyimbo za zamani, tunasikiliza tukiosha pikipiki. Nikikutana na rika langu hatuulizani habari za watoto, tunaulizana "unakumbuka mstari ule?"

Swali: huko kwenu wazee wanaruhusiwa kubaki? Maana kwetu ukifika 40 bado unachana mistari, watoto wanakucheka.

---

BintiKaniki:

Hapo ndipo tulipowazidi. Kwetu mzee habanduki. Kuna mwanasosholojia Mwingereza, Paul Hodkinson, yeye mwenyewe ametokea humo humo, alianza kututafiti tukiwa vijana, miaka ikapita akarudi kuwaangalia wale wale waliozeeka. Akakuta wengi hawajatoka. Wamepunguza: wanja mwembamba kidogo, kazini shati la kawaida, mtoto kalazwa saa mbili ndipo waende ukumbini. Nami nimeyaona hayo. Mwanzoni tulikuwa tunatoka saa nne usiku, baadaye matangazo ya disko yakaanza kusema "tunamaliza saa tano, viti vipo." Hilo neno "viti vipo" liliwahi kuniliza.

Na waimbaji nao wamezeeka mbele yetu. Robert Smith wa bendi ya The Cure amezaliwa 1959, na nywele ni zile zile za kutimka, rangi ya mdomo ile ile iliyopakwa kama gizani. Novemba 2024 wakatoa albamu baada ya miaka 16 bila albamu mpya, ikashika namba moja Uingereza, na karibu yote inahusu kufiwa na kuzeeka. Ujanani tulikuwa tunaimba kifo kama mtu anayeimba habari za nchi asiyowahi kufika. Sasa tumeshazika wazazi, tumezika na wenzetu. Nyimbo za zamani zimejaa maana ambayo hata walioziandika nadhani hawakuwa nayo siku ile.

---

Dereva_wa_Gaborone:

Mnashangaa nini, Botswana wapo wa muziki wa metali, wanavaa ngozi nyeusi kuanzia kofia mpaka buti, minyororo na misumari, kwenye jua lile la Kalahari. Nimepakia mmoja kwenye lori langu nikidhani ni jambazi, kumbe mpole, kaniimbia njia nzima. Wanaosema haya ni "mambo ya wazungu" hawajatembea.

---

NewalaHalisi:

Mimi hili la kujipamba na watu kukushangaa limenirudisha kwa bibi yangu mzaa mama. Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, alivuka mto akiwa msichana. Uso mzima nembo, mistari ya pembe pembe mashavuni na kipajini, na ndonya, kile kipande cha mti kilichopachikwa mdomo wa juu. Alituhadithia walivyomchanja: kisu kidogo, wewe umelala chali kichwa kimebanwa, halafu masizi yanasuguliwa kwenye kidonda, mkishapona mnarudia ili mstari ukolee. Kijijini kwake asiyekuwa nazo ndiye aliyechekwa.

Sasa fikiria amezeeka, ndonya zimeisha, hakuna msichana anayetobolewa tena. Tukimpeleka hospitali mjini anajifunika kanga mpaka puani, maana watoto wanamfuata. Ile tundu ya mdomo ilikuwa inamwagia uji, akawa anaziba na kidole gumba akinywa. Nilikuwa naona haya kukaa naye kwenye benchi la kliniki, Mungu anisamehe. Wewe dada, kaniki unaweza kuivua ukavaa chungwa. Bibi yangu mtindo wake ulipitwa na wakati akiwa nao usoni.

---

BintiKaniki:

NewalaHalisi, umenikalisha chini. Nimesoma mara mbili, hasa hilo la kidole gumba. Sina la kujibu.

---

Mtu_wa_Mitwero:

Ulishawahi kupigwa huko kwa sababu ya mavazi? Nasikia ulaya nao si watakatifu.

---

BintiKaniki:

Kutemewa mate, ndiyo. Chupa kurushwa kutoka kwenye gari, ndiyo, na pale sikujua ni kwa sababu ya mavazi au ya ngozi, nadhani hata aliyerusha hakujua. Lakini Agosti 2007 binti wa miaka 20 na mpenzi wake walishambuliwa na vijana kwenye bustani ya umma huko Bacup, Lancashire, kisa tu walivyovaa. Binti alifariki hospitalini. Mwezi ule wote wodini kwetu wauguzi wenzangu ambao hawakuwahi kuniuliza chochote walikuwa wananisindikiza mpaka kituo cha basi. Ilichukua mpaka 2013 polisi wa Greater Manchester waanze kuandika mashambulizi ya namna hiyo kama uhalifu wa chuki.

Kwa hiyo watu wanaposema "ni nguo tu", mimi huwa nanyamaza.

---

Popo_wa_Chuno:

Shikamoo shangazi. Nina miaka 20, nasoma chuo hapa Mtwara. Nilidhani niko peke yangu mkoa mzima, nimesoma uzi huu nikiwa darasani nikatolewa nje kwa kucheka pale kwa mganga.

Mimi nimeanzia TikTok, baada ya ile tamthilia ya Netflix ya 2022, Wednesday, ya yule msichana wa nywele mbili za kusuka. Napaka rangi nyeusi mdomoni nikiwa chumbani, napiga picha, nafuta, naenda kula. Ila mtandaoni wakubwa wanatutukana, wanasema sisi si magothi wa kweli kwa sababu hatujui bendi. Bando la kusikiliza albamu nzima nalitoa wapi?

---

BintiKaniki:

Marahaba mwanangu. Kumbe tuko wawili.

Waache wakutukane, hata sisi tulitukanwa na wa Batcave. Lakini sikufichi, nami nina kinyongo changu. Zamani kitu hiki kilikutoa jasho. Nguo hazikuuzwa, ulinunua gauni la marehemu kwenye duka la mitumba ukalikata, ukashona lasi kwa mkono, nywele ukazisimamisha kwa sabuni. Kaseti ilirekodiwa kutoka kaseti nyingine mpaka sauti ikabaki mvumo. Ukimwona mwenzako kituo cha basi ulijua amepitia yote hayo, mnasalimiana kwa kichwa tu. Leo vazi zima linakuja kwenye kifurushi kimoja, na kesho yake mtindo umebadilika mnaanza kingine. Kuvaa wiki mbili si kosa, ila usiniambie umekaa.

Hapo hapo nakiri kwamba wewe una kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Mimi ilibidi nivuke bahari ndipo nijue kwamba moyo wa namna hii una jina. Nikiwa na miaka 16 Mikindani nilikuwa nakaa makaburi ya zamani jioni nasikiliza upepo wa kusi kwenye mibuyu, watu wakamwambia mama nina mashetani, nikapelekwa kuchezewa ngoma. Wewe umejua ukiwa kitandani na simu.

Bando lisikusumbue. Njoo na flashi nikuwekee nyimbo za bendi ya Siouxsie and the Banshees, anza na huyo mama Siouxsie. Na mdomoni usipake vitu vya bei chee visivyo na maandishi, nimeshakwambia yaliyonipata.

---

Suruali_Pana_98:

Nipo hapa nasoma huku machozi ya kicheko. "Nikapelekwa kuchezewa ngoma."

---

Mama_wa_Kamati:

Tumetoka kwenye mada, dada kauliza habari ya harusi. Mimi ni mwenyekiti wa kamati mara saba, nakwambia vaa sare. Harusi ni ya binti, si yako. Mtu mmoja mweusi katikati ya watu sitini wa chungwa, kwenye video ataonekana yeye tu mpaka wajukuu.

---

NewalaHalisi:

Mimi nasema asivae. Dada yake anajua ana mdogo wa namna gani tangu 1996.

---

AbuMuslih:

Avae. Kumfurahisha ndugu ni sadaka. (Na lile la fuvu nimelifikiria, Mungu akuzidishie.)

---

BintiKaniki:

MREJESHO.

Samahani nimechelewa, tumerudi Lindi jana. Nilivaa. Kitenge kilibana kwapani kwa sababu fundi alipima kwa macho, na ile rangi ilinifanya nionekane kama embe dodo lenye mvi. Watu walinisifia kupita kiasi, kila shangazi anakuja na "umependeza leo", wanavuta hiyo "leo" mpaka mwisho wa ukumbi. Dada alinikumbatia mara tatu.

Mama alitangulia Lindi wiki moja kabla, alikuwa kwa dada. Ana miaka 83, mtoto wa jicho amemshika macho yote mawili, jicho moja limesafishwa linaona kwa ukungu. Alikaa meza ya mbele. Nikaenda kupiga goti, muziki uko juu, nikamshika mkono, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba ile ya kuitikia mgeni, akauliza, "Mtoto wa nani wewe?" Nikasogea sikioni nikamwambia ni mimi. Akanipapasa begani, akavuta kitambaa akakisogeza karibu na jicho lake zima, akashuka mpaka mkononi, akaikuta pete. Akaishika ile pete muda mrefu.

Muziki ukawa umekatika kupisha mtangazaji, kwa hiyo ukumbi mzima ulimsikia anamwita dada kwa jina lake la utotoni. "Mmemvalisha nini mwanangu? Nguo zake ziko wapi?"

Dada hakumjibu kitu, wala mimi sikumuuliza. Tulipofika nyumbani nilibadilisha.

---

Korosho_Ghafi:

Kahawa imepoa. Picha hata ya pete?

---

BintiKaniki:

Hakuna.

---

Popo_wa_Chuno:

Shangazi hicho kitenge cha chungwa kama hukitaki usikigawe. Nina pakiti mbili za rangi nyeusi ya nguo. Ni pamba, kitashika, ila maua yataonekana kwa mbali.

---

BintiKaniki:

Maua yabaki. Njoo Jumamosi asubuhi kabla maji hayajakatika, uje na ndoo kuukuu, zangu usiziguse.